Wahunzi wa Lem na Karakana Yetu ya Mwembe Tayari

Mitambo yote 365 ya upepo iliyosimama kule Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana, iliingia nchini kwa mlango wetu wa Mombasa. Iliteremshwa bandarini vipande vipande, ikapakiwa kwenye matrela marefu, ikapandishwa Changamwe, ikapita Mazeras na Mariakani, kisha ikaendelea na safari ya kilomita zipatazo 1,200 hadi kaunti ya Marsabit. Kila mtambo una mapanga matatu, na kila panga lina urefu wa mita 25 hivi. Trela moja lililobeba mzigo huo likikata kona, magari mengine yote husubiri.

Baba yangu aliyaona Miritini. Yeye ni fundi chuma, na karakana yetu iko Mwembe Tayari tangu enzi za babu. Aliporudi jioni hakusema neno juu ya urefu wa mapanga, ambao ndio watu wote waliokuwa wakiuzungumza. Alizungumzia kitako cha panga, pale panapofungwa kwenye kitovu: duara la matundu ya bolti, kila tundu mahali pake. "Hii imeanzia kwa mhunzi, mwanangu," aliniambia. "Kampuni imekuja baadaye. Nenda kanitafutie, mhunzi huyo ni nani?"

Nimemtafuta, nimempata, na tangu nimpate nyumbani kwetu hakujatulia.

Mitambo ile ilitengenezwa na Vestas, kampuni ya Denmark. Mwanzo wake ni mwaka 1898, wakati kijana wa miaka 22 aitwaye H. S. Hansen alipofika Lem, kijimji cha wakulima magharibi mwa Jutland, akanunua karakana ya uhunzi. Hapakuwa na kiwanda wala wahandisi. Palikuwa na tanuri, fuawe, nyundo, na wakulima wenye vyombo vilivyovunjika. Watu wa pale walimwita kwa kazi yake, mhunzi Hansen. Mwaka 1928 alianza na mwanawe Peder biashara mpya ya kutengeneza madirisha ya chuma kwa ajili ya majengo ya viwanda.

Niliposoma habari ya madirisha nilimwita Baba aje aone mwenyewe, kwa sababu madirisha ya chuma ndiyo yaliyotulisha sisi.

Babu yangu alisomea ufundi MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo kile kilijengwa kwa michango ya watu walioona kwamba pwani inahitaji mafundi: Aga Khan alitoa, Sultani wa Unguja alitoa, Mabohora walitoa. Babu alitoka pale akijua kusoma mchoro, kupima kwa kalipa na kukereza chuma. Alipofungua karakana yake, kazi ya kwanza kumpa jina ilikuwa madirisha. Ukipita Tudor, Ganjoni au Kizingo bado utaona nyumba za zamani zenye madirisha ya fremu nyembamba za chuma, ya vioo vidogovidogo na komeo la shaba. Sehemu ya hayo ni mikono ya babu. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu hewa ya hapa ina chumvi na chuma huanza kuliwa na kutu kabla rangi haijazoea ukuta. Babu alikuwa na utaratibu wake: kusugua mpaka chuma king'ae, kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, kusubiri ikauke kabisa, ndipo ipakwe rangi ya juu. Mteja mwenye haraka alielekezwa kwa fundi mwingine.

Kisha alumini ikaja. Haishiki kutu, ni nyepesi, inakatwa kwa mashine na kuungwa kwa skrubu bila moto. Mwenye nyumba hana sababu ya kuagiza dirisha la chuma tena, na mimi simlaumu. Karakana ikabaki na mageti, vyuma vya usalama vya madirishani, magurudumu ya mikokoteni, na minara ya kubebea matangi ya maji, maana Mombasa kila mwenye uwezo huweka tangi juu. Maji ya Mzima Springs yamekuwa yakitufikia kwa bomba tangu miaka ya 1950, lakini mji umekua na bomba halikukua nao.

Sasa nirudi Lem. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, chuma kikaadimika. Mwaka 1945 Peder Hansen na wenzake tisa walianzisha kampuni mpya, Vestjysk Stålteknik, jina lililofupishwa kuwa Vestas. Walianzia kwenye mabanda ya mbao yaliyoachwa na jeshi la Ujerumani. Walichotengeneza humo ni vyombo vya nyumbani, vikiwemo mashine za kuchanganyia unga na mizani ya jikoni. Baadaye wakatengeneza vipozeo vya makopo ya maziwa kwa wafugaji, kisha vipozeo vya injini, na mwaka 1968 wakaingia kwenye winchi za haidroliki za kufungwa juu ya malori.

Nataka msomaji asikimbie orodha hiyo. Kutoka mwaka 1898 hadi walipouza mtambo wa kwanza wa upepo, 1979, ni miaka 81. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa akingojea upepo. Historia za kampuni huandikwa kana kwamba mwanzilishi aliota ndoto na wajukuu wakaitimiza, na mimi naona huo ni uonevu kwa mafundi waliosimama pale kila siku. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kukata, kukunja, kuchomelea na kufunga chuma kisiachie, pamoja na macho ya kuona nani ana shida na kitu gani. Bidhaa ilibadilika mara tano au sita. Mkono haukubadilika.

Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda ghafla, mwaka 1973 na tena 1979. Denmark wakati ule ilitegemea mafuta ya kuagiza karibu kwa kila kitu, kuanzia umeme hadi kupasha nyumba joto. Kule kwao elimu ya upepo haikuwa ngeni: mwalimu Poul la Cour alikuwa amekwisha jenga kinu cha kuzalisha umeme katika shule ya Askov mwaka 1891, na mwaka 1957 Johannes Juul alisimamisha mjini Gedser mtambo wa kilowati 200 uliofanya kazi miaka kumi. Vestas nao wakaanza kujaribu. Walianza na mtambo wa kusimama wima, wenye mapanga yaliyopinda kama mchapo wa kupigia mayai. Haukuwaridhisha.

Hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Mwaka 1978 alikuja mtu kutoka nje ya ukoo. Jina lake Karl Erik Jørgensen, fundi chuma wa kijiji cha Herborg, na alikuwa akishirikiana na kijana wa miaka 21 hivi, Henrik Stiesdal, aliyeanza kwa kujijengea mtambo nyumbani kwao. Walikuwa na mtambo wa mapanga matatu uliokwisha kufanya kazi, lakini hawakuwa na kiwanda cha kuutengeneza kwa wingi. Vestas walikuwa na kiwanda, wafanyakazi na mashine, na hawakuwa na mtambo uliofaa. Wenye kiwanda wakauangalia, wakakubali kwamba wa wageni ni bora kuliko wao waliohangaika nao, wakanunua haki ya kuutengeneza. Mwaka uliofuata wakauza ule wa kwanza: kilowati 30, kipenyo cha mita 10. Mitambo iliyopita Miritini ina kilowati 850 kila mmoja na kipenyo cha mita 52. Umbo ni lilelile, mapanga matatu yanayokabili upepo.

Nikiwa mtoto wa karakana ya familia najua ugumu wa jambo hilo. Mtu umeweka fedha na muda katika kitu chako, ndugu zako wanakutazama, kisha anakuja fundi wa kijiji cha jirani na chake kimekushinda. Wengi wetu tungemtafutia kasoro. Tungesema bolti zake ndogo, rangi yake mbaya, na kwao hatukujui. Pengine tungemsikiliza, tumpe chai, halafu akishaondoka tumwige. Hawa walimlipa. Baba nilipomsomea sehemu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ami yangu, mdogo wake Baba, hakusema kitu.

Mambo hayakunyooka baada ya hapo. Mwaka 1980 mapanga yaliyonunuliwa kwa mtengenezaji mwingine yalianza kuvunjika na kuruka kwenye dhoruba. Vestas wakasimamisha mauzo. Wakaamua kujifunza kutengeneza mapanga wenyewe kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa dawa, ili sehemu ya hatari kuliko zote iwe chini ya macho yao. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa faiba ni nini. Boti nyingi zinazobeba watalii hapa zimetengenezwa kwa hiyo, na vijana wa Mtwapa na Kisauni wanajua kuitandaza tabaka kwa tabaka, kuimwagia dawa na kuisugua. Panga la mtambo wa upepo na ubavu wa boti ni kazi za mkono mmoja.

Kisha ikaja California. Serikali za Marekani zilitoa punguzo kubwa la kodi kwa waliowekeza kwenye umeme wa upepo, na kampuni za huko zikaagiza mitambo ya Vestas kwa mamia. Kiwanda kikapanuka kwa kasi kwa ajili ya soko moja la mbali. Mwaka 1985 shehena kubwa ilichelewa, kampuni ya usafirishaji ilipofilisika, na mwisho wa mwaka huo punguzo la kodi likakoma. Mnunuzi hakuweza kulipa. Mwaka 1986 Vestas walishindwa kulipa madeni. Mali nyingi ziliuzwa, na mwaka 1987 kazi ya upepo peke yake ikaokolewa katika kampuni mpya, Vestas Wind Systems, chini ya mkurugenzi Johannes Poulsen. Ukoo wa Hansen haukuwa tena mwenye kiwanda.

Sehemu hii ilimhuzunisha Baba kuliko nilivyotarajia. Ami ndiye aliyepata la kusema: "Umeona? Wamefungua mlango, nyumba imekwenda." Nimeyapima maneno hayo kwa uaminifu na sikubaliani nayo. Kilichoitoa nyumba mikononi mwao ni mteja mmoja mkubwa na sheria ya nchi nyingine. Mtambo wa Jørgensen ndio uliookolewa kwenye moto, kwa kuwa wawekezaji wapya walipochagua cha kubakiza walibakiza upepo. Lau wangebaki na winchi na vipozeo tu, sidhani kama ningekuwa na habari ya kuandika.

Ami ana haki ya kuwa na wasiwasi, na si mtu wa kuongea upepo bila kuujua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipanda minara ya pampu za upepo za kuvutia maji mashambani, Kwale na Kilifi. Hizo ni mashine za namna nyingine. Zina mapanga mengi mapana ya bati, huzunguka polepole, na kazi yao ni kuinua na kushusha fimbo ndefu inayovuta maji kutoka kisimani. Nchini Kenya tunao watengenezaji wa familia vilevile: Bobs Harries Engineering, katika shamba la Karamaini karibu na Thika, ambao tangu mwisho wa miaka ya 1970 wametengeneza pampu ziitwazo Kijito. Mchoro wa awali ulitokana na kazi ya shirika la Uingereza lililoanzishwa na E. F. Schumacher mwaka 1966 ili kueneza teknolojia inayoweza kutengenezwa na mafundi wa mahali. Mchoro huohuo ulipelekwa Pakistan, ukapata mwili wa namna yake kule. Mafundi wa Thika waliubadilisha kulingana na vyuma vinavyopatikana Kenya, wakatengeneza wa kipenyo cha futi 12 hadi 24. Kijito haina gia; fimbo huendeshwa moja kwa moja na gurudumu. Ami anazisifu kwa sababu hiyo: kisichokuwepo hakiharibiki.

Alichokiona huko ndicho kilichomfanya awe mgumu. Pampu ya upepo haifi kwa kukosa upepo. Inakufa kwa washa ya ngozi ndani ya silinda, kitu cha bei ndogo, inapochakaa na hakuna wa kuvuta fimbo kutoka kisimani na kuibadilisha. Amekuta minara mizima, beringi nzima, mkia mzima, na wanakijiji wanachota kwa ndoo chini yake. Mfadhili alikuja, akapiga picha, akaondoka. "Mtambo ni rahisi," husema. "Nani atarudi?" Kwa hiyo akisikia habari ya kitu kipya, swali lake la kwanza ni nani atakayekitazama mwaka wa tano. Nakubali kwamba ndilo swali linalofaa, na ndiyo maana namtaka yeye awemo.

Upepo wenyewe tunao. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati kuna maleleji, ambapo bahari hulala na tanga hulegea. Wazee wetu walipanga mwaka mzima kwa pepo hizi, safari, uvuvi na hata harusi. Lakini pwani si Loiyangalani. Kule upepo hubanwa kati ya nyanda za juu na kupita mkondoni kwa kasi karibu mwaka mzima, na kasi ndiyo kila kitu: upepo ukizidi kasi mara mbili, nguvu iliyomo huzidi mara nane. Ukipungua nusu, umebakiwa na sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu mitambo ile 365 ikawekwa mbali hivyo, na kujengewa laini ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa. Inaweza kutoa megawati 310. Hapa kwetu sitegemei kitu cha namna hiyo kisiwani. Kinachowezekana ni kidogo: mtambo wa kuchaji betri kwenye bandari ndogo za wavuvi, usaidiane na sola. Mwezi wa saba jua hujificha nyuma ya mawingu ya kusi, na wakati huohuo kusi lenyewe lina nguvu. Kimoja kikilegea, kingine kiko kazini.

Na hapa ndipo ubishi wetu wa nyumbani ulipofikia. Kuna kijana wa Kisauni, fundi wa faiba, ambaye amekuwa akija karakanani kukereza shafti za boti. Amechonga mapanga matatu ya mita moja na nusu kila moja, amefunga alteneta ya gari, na kitu kinazunguka. Nimekiona juu ya nyumba ya mjomba wake, kikiwasha taa. Kina kasoro: mkia haukigeuzi mbali na upepo mkali kama inavyotakiwa, na kitovu alikichomelea kwa chuma chembamba. Kasoro zote mbili ni za chuma, na chuma ni kazi yetu. Anachotaka ni kona ya karakana, mashine ya kukereza baada ya saa za kazi, na mtu wa kumfundisha kufunga mnara usiotikisika. Alipokuja kuongea alimwamkia Baba na Ami kwa heshima zote, akaweka michoro yake mezani bila kuficha ukurasa.

Ami anasema hatuna undugu naye, na kwamba mashine ya babu haitumiwi na mtu wa nje. Baba anataka. Mimi msimamo wangu niliusema mbele yao wote wawili na nauandika hapa: kijana aingie, ila aingie kwa maandishi, kama alivyoingia Jørgensen. Mtambo ubaki na jina lake. Kwa kila mmoja utakaouzwa apate fungu lake kabla yetu. Karakana ipate gharama ya chuma, umeme na kazi, kisha faida igawanywe. Na matengenezo ya miaka mitano yawe kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na nauli ya fundi wa kwenda kuitazama, na fundi huyo awe Ami, au mtu aliyefunzwa na Ami.

Nimeyaandika hayo kwenye ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, bila wakili, ili kila mtu aelewe anachokikubali. Baba ametia sahihi. Kijana ametia sahihi, akaomba iongezwe sentensi kwamba akifundisha mwingine kazi ya faiba humo karakanani naye alipwe. Nikaiongeza, kwa kuwa ni haki. Ami ameuchukua ukurasa nyumbani kwake na kunirudishia na alama ya kalamu nyekundu mahali pamoja tu, kwenye unene wa chuma cha kitovu. Anataka milimita kumi, si sita.